Harusi ya Kifalme Ambayo Sikuikata

Watu wakisikia kwamba mimi ndiye niliyepiga video ya ile harusi ya kifalme ya Louisville, huniuliza maswali mawili. La kwanza, kama ni kweli bwana harusi alikuwa mjukuu wa mwami. Ni kweli. Mwami ni mfalme wa watu wa milimani kule Kivu Kusini, na babu yake kijana yule alikuwa na ngoma yake, baraza lake na ugomvi wake na majirani, kabla vita havijawatawanya watu wake hadi wengine wakajikuta Kentucky, wakifunga maboksi kwenye maghala. La pili, ilikuwaje baba mkubwa wa bwana harusi, mkuu wa itifaki wa shughuli nzima, akaonekana siku moja ya baridi amepiga goti sebuleni kwa mfanyakazi wa kiwanda mjini Buffalo. Hilo ndilo ninalopenda kulijibu, na hulijibu kwa urefu. Mchungaji wangu alinishauri nitubu. Nimejaribu. Kila nikifika mahali pa kujuta, najikuta natabasamu.

Nianze na kosa langu, maana nilikuwa nalo. Nilikuja Columbus kutoka Kenya nikiwa msichana wa miaka ishirini na kitu, kusomea filamu. Niliandika tasnifu ya kurasa mia tatu kuhusu mkato: jinsi mahali picha moja inapokatika na nyingine kuanza panavyoweza kusema jambo ambalo picha zenyewe hazikulisema. Watu wanne waliisoma, watatu kati yao kwa kulazimika. Tangu hapo nafundisha Kiswahili chuoni asubuhi tatu kwa wiki, naandika insha kwa majarida ambayo wasomaji wake ni waandishi wenzangu wanaotafuta kama wametajwa, na Jumamosi napiga video za harusi.

Sasa, video za harusi za watu wa Kivu hazikatwi. Harusi ikichukua saa saba, video ni saa saba. Haitengenezwi kwa ajili ya waliokuwepo. Inatengenezwa kwa ajili ya waliobaki kambini, ambako kila mgeni aliyekaa ukumbini ana mtu anayesubiri kuona kama bado yuko hai, kama amenenepa, kama amepata meno mapya. Kumkata mtu kwenye video ni kumwambia mama yake kwamba mwanawe hakualikwa.

Mimi na tasnifu yangu hatukuyajua hayo. Harusi ya kwanza waliyonipa, miaka miwili kabla ya ile ya kifalme, nilichukua saa tano nikazifanya dakika hamsini. Niliweka matone ya mvua kwenye kioo cha gari la bibi harusi. Niliona nimetengeneza kazi ambayo ningeweza kuipeleka kwenye maonyesho. Tukaitazama pamoja katika ukumbi wa kanisa huko Louisville, na ilipokwisha, mzee mmoja mrefu mwenye suti ya rangi ya maziwa akasimama, akaniita mbele. Akaanza kuhesabu kwa vidole wazee ambao hawakuonekana. Vidole viliisha, akarudia mkono wa kwanza. Walikuwa kumi na tisa. Akaniamuru nipite kwa kila mmoja, nimpe mkono na kumwomba msamaha, na ukumbi mzima ukanitazama nikizunguka meza hadi meza. Wa kumi na tisa alikuwa yeye mwenyewe. Aliushika mkono wangu kwa muda mrefu kuliko wote, akitazama kwingine, kama mtu anayesubiri lifti. Kuanzia siku ile nikaitwa Mama Makasi, hata na watoto wa shule ya Jumapili.

Huyo ndiye baba mkubwa.

Mtu wa pili wa kumjua ni rafiki yangu. Alipoletwa Amerika na binti yake mdogo, mjane kutoka milima ileile ya Kivu, walipangiwa kwanza Columbus. Mimi nilikuwa najitolea kufundisha Kiingereza kanisani. Siku ya kwanza alinisikiliza kwa adabu nikieleza ratiba ya masomo kwa Kiswahili changu cha chuo, kisha akaniambia, "Dada, unaongea kama redio." Tukawa marafiki papo hapo. Baadaye alihamia Buffalo, upande wa East Side, kwa sababu watu wa kanisa lake walikuwa wamejaa huko, akapata kazi Tonawanda katika kiwanda cha vifuniko vya chupa. Kwa miaka tisa alikagua vifuniko vinavyopita mbele yake kama mto, na binti yake akasoma uuguzi. Binti akaenda Louisville kwa kazi, akakutana na mjukuu wa mwami, na mambo yakawa kama yanavyokuwaga.

Rafiki yangu hakujali ufalme. Alijali kitenge. Kwao, siku ya harusi, upande wa mume huleta kitenge kipya, na mkubwa wa ukoo hupiga goti moja mbele ya mama wa bibi harusi, akamfunika mabegani na kumshukuru kwa mgongo uliombeba mtoto. Wanakiita kitenge cha mgongo. Yeye mwenyewe alipoolewa, mama yake alifunikwa hivyo, na kitenge hicho mama alikibeba wakati wa kukimbia vita mpaka kikachakaa. Huyo mama alikuwa bado hai, mzee sana, katika kambi moja huko Burundi. Hawakuwa wameonana kwa miaka kumi na moja na hakukuwa na dalili kwamba wangeonana tena.

"Hata kama hautapiga kitu ingine," aliniambia kwenye simu wiki moja kabla ya harusi, "upige pale banifunika. Mama anataka aone ile."

Nikamwahidi.

Harusi ilikuwa Louisville, kiangazi, joto la kuyeyusha keki. Nilipewa kazi hiyo kwa sababu bibi harusi alishikilia kwamba lazima nipige mimi, na baba mkubwa akakubali huku akikunja uso. Asubuhi alinipokea mlangoni mwa kanisa. Alikuwa amevaa vazi jeupe lililofungwa begani na ameshika fimbo ndefu yenye shaba, akaniambia mbele ya wasimamizi wote, "Madamu, leo hapana kukata. Hata dakika moja." Wasimamizi wakacheka. Nikasema, ndiyo mzee. Akanionyesha kila mahali alipotaka kamera. Nilikuwa nazo tatu. Moja alitaka iwekwe kwenye korido kati ya jikoni na ukumbi, ikitazama mahali ambapo msafara wake ungejipanga na fimbo. Nikaiweka juu ya miguu yake mitatu, nikaiwasha, nikaenda zangu kanisani na nyingine.

Ibada ilikwenda vizuri. Rafiki yangu alikaa mstari wa nne, na nikadhani ni kwa sababu ya wageni waliotoka Ulaya na Kanada. Tulipohamia ukumbini, jukwaani kulikuwa na viti viwili vikubwa vya wazazi upande wa mke, vimefungwa riboni za dhahabu. Cha baba kiliachwa wazi kwa heshima ya marehemu. Kwenye cha mama aliketi mwanamke mrefu, mwenye shingo ndefu na miwani ya dhahabu, mke wa mfanyabiashara mmoja wa palepale Louisville. Nilidhani kuna makosa ya viti. Nikamtafuta rafiki yangu kwa kamera ya mkononi, nikampata akitoka jikoni na sahani nne za wali mikononi, bado amevaa nguo yake ya zambarau aliyoishona kwa siku hii.

Nilimfuata hadi mlango wa jikoni nikamuuliza kulikoni. Akasema ameambiwa kwamba katika nyumba ya mwami mama wa msichana hapandi jukwaani. Shangazi ndiye anayekaa. Na kwa kuwa binti hakuwa na shangazi upande huu wa bahari, wamempa mmoja. "Labda ni desturi yao," alisema. "Sisi tulikuwa bantu ba chini. Hatukufikaga ku nyumba ya mwami, tutajuaje?"

Bibi harusi naye nilimuuliza alipokuja kubadilisha viatu. Alinijibu kwa Kiingereza kwamba ameelezwa, ni desturi, na hakutaka kuwaudhi wakwe siku ya kwanza. Alikua Columbus na Buffalo. Kwake neno desturi lilikuwa kama maelekezo kwenye chupa ya dawa, hutii tu. Na mimi, Mkenya mwenye tasnifu, ningejua nini? Niliinua kamera. Nikapiga baba mkubwa akipiga goti moja, akikunjua kitenge cha kijani chenye maua ya manjano, akimfunika yule mwanamke wa miwani, na akimshukuru kwa sauti iliyofika hadi maegesho ya magari kwa mgongo uliombeba mtoto. Pembeni mwa picha, nyuma ya nguzo, kuna kipande cha nguo ya zambarau kimesimama na jagi la maji.

Ningeweza kuzima kamera. Ningeweza kwenda jukwaani na kuuliza kwa sauti ya redio yangu. Sikufanya. Nilikuwa mnyonge wa mtu yule tangu siku ya watu kumi na tisa, na bado nilitaka, aibu kuliandika hili, aipende video yangu.

Siku mbili baadaye nilikuwa nyumbani, mtaa wa Clintonville hapa Columbus, nikiziunganisha kamera zote. Rafiki yangu akapiga simu. Hakulia. Aliongea kama mtu anayeagiza kitu dukani. Alisema mama yake ameshaanza kuuliza video itafika lini, amewaambia majirani wote wa kambi waje watazame binti yake akifunikwa. "Dada, ukate fasi yote yenye niko. Nitamwambia nilikuwa mugonjwa, nilibaki ku hospitali. Mama asinione nabeba masahani ku harusi ya mutoto wangu."

Nikamwambia nitaona la kufanya. Nikarudi kwenye kazi, nikifikiria jinsi ya kumwondoa bila kuondoa nusu ya ukumbi, na hapo ndipo nilipofungua kamera ya korido.

Dakika ishirini za mwanzo ni ukuta, na mara mojamoja mtu anapita na sufuria. Kisha baba mkubwa anaingia na yule mwanamke wa miwani. Anaitazama kamera, anaona hakuna mtu nyuma yake, anaipa mgongo. Alidhani kamera isiyo na mtu imelala. Sauti yake ni safi kabisa. Kuta za korido zilikuwa za vigae.

"Bon, weye utakaa mu ile kiti ya mbele," anasema. "Ule mama akae ku jikoni na benzake."

Mwanamke anauliza, na watu wakiuliza?

"Donc bakiuliza tutasema ni desturi ya nyumba ya mwami. Nani anajua? Bazee bamekufa." Anarekebisha vazi begani. "Baba yake ule mama alikuwa anabeba chumvi. Anapandisha milima na chumvi ku kichwa, sisi tunamuona. Mutoto wa mubeba chumvi nitamupigia goti mie?"

Wanacheka, wote wawili. Halafu anamuuliza kama fimbo imekaa sawa.

Niliitazama mara moja, nikainuka, nikaosha vyombo vyote vilivyokuwa safi. Nilijisikia vizuri kuliko nilivyojisikia kwa miaka miwili.

Baba mkubwa alifika Clintonville wiki iliyofuata kuikagua kazi kabla haijasambazwa. Niliweka viti viwili, chai, karanga. Alitazama nusu saa ya mwanzo akiwahesabu wazee kwa kidole. Kisha akasema nimpeleke kwenye hotuba yake. Tukaitazama. Akasema nirudishe. Tukaitazama tena. Kisha akataka mwisho, ngoma na kuagana. Katikati, nilikokuwa nimeiweka ile korido, kulikuwa na saa nne na zaidi ambazo hakuziomba, na mimi si mtu wa kumlazimisha mgeni. Akainuka ameridhika, akaniambia kwamba sasa nimejifunza kazi, na kwamba binadamu hafunzwi na chuo, anafunzwa na aibu. Nilimshukuru. Nilimfungulia mlango, nikamsindikiza hadi nje.

Lakini video ile isingebeba aibu ya mzee peke yake hadi Burundi. Mama mzee angemwona binti yake na sahani. Kwa hiyo Jumamosi nilichukua kompyuta nikaendesha gari hadi Buffalo, na saa tano asubuhi tukakaa jikoni kwa rafiki yangu, kabla hajaenda zamu ya mchana. Nilimwambia kuna kitu anapaswa kukiona, kisha ataamua yeye. Akafuta mikono, akavaa miwani yake ya kiwandani, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu.

Aliitazama korido hadi mwisho. Ilipofika kwenye chumvi, hakubadilika uso.

"Rudisha," akasema.

Nikarudisha. Akaitazama mara tatu. Mara ya tatu alikuwa anatingisha kichwa polepole, kama anavyofanya kanisani mhubiri anapofika kwenye jambo analolikubali. Akaniuliza kama nilishaanza kukata fasi zake. Nikasema bado.

"Usikate kitu."

Nilimkumbusha mama yake. Akasema atampigia leo, amwambie kabla: utanikuta ku jikoni, halafu subiri, fasi ya korido inakuja, mwambie mutu aongeze sauti. Baba yake alibeba chumvi miaka ishirini na hakuna siku aliyomwangukia mtu miguuni. Mama atajua la kufanya. Mimi, niliyekuja na hotuba nzima kuhusu kusamehe na kutosamehe, nilibaki na hotuba yangu. Nilikuwa nimeogopa kwamba Ukristo wake ungenizuia. Alifunga chakula chake cha mchana kwenye kopo, akavaa viatu, na mlangoni akageuka. "Na pale anasema mutoto wa mubeba chumvi," akasema, "inasikika muzuri?"

Inasikika vizuri sana, nikamwambia.

Video ikaenda kwenye flashi, mkononi mwa mchungaji aliyekuwa anasafiri. Huku kwetu, nakala zikagawiwa Louisville, Columbus na Buffalo, na hakuna aliyetazama zaidi ya sehemu yake mwenyewe. Huku tuna kazi. Waliotazama saa saba zote ni watu wa kambini, kwenye kibanda cha video, siku mbili mfululizo, na mama mzee amewekwa mbele kwenye kiti cha mchungaji. Walipofika kwenye korido, nilisimuliwa, mtu aliongeza sauti bila kuambiwa. Mama mzee akasema irudishwe. Kumbe hiyo "rudisha" ni ya ukoo.

Mtu fulani aliyekuwepo alishika simu yake, akairekodi televisheni, kisha akakata. Sekunde arobaini: kuanzia "weye utakaa mu ile kiti" hadi kicheko, na mara baada ya kicheko, goti la jukwaani na ile sauti ya kumshukuru mama kwa mgongo wake. Hakuna kingine. Niliandika kurasa mia tatu nikitafuta mkato kama ule, na mtu ambaye hajawahi kuingia darasa la filamu aliupata kwa kidole gumba. Sekunde zile zikavuka bahari kwa simu na kufika Louisville kabla ya Jumapili. Hapo ndipo harusi ile ilipopata umaarufu wake. Watu ambao hawakualikwa waliijua fimbo, waliijua miwani, walijua bei ya chumvi ya zamani.

Baba mkubwa alinipigia simu mara tano siku moja. Mara nne sikuwa karibu. Mara ya tano nilikuwa nimekaa, nimeshika chai, tayari.

"Madamu, ile fasi ya korido. Utoe. Utume ingine."

"Mzee, mliniambia hata dakika moja."

Akasema kwamba ile ilikuwa mizaha, watu wakubwa wanataniana. Nikasema naelewa kabisa. Nikasema ningefurahi kusaidia, ila nikimkata yeye itabidi nipite kwa wazee wote kuomba msamaha, na miguu yangu siku hizi ina shida. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi jibu hilo mbele ya kioo cha bafuni, na nilipolitoa lilikuwa refu kidogo, lakini lilifika.

Aliyemshinda, hata hivyo, hakuwa mimi. Alikuwa binti. Alizitazama zile sekunde arobaini kwenye maegesho ya hospitali alikokuwa anafanya kazi, akarudi nyumbani, akamwambia mumewe kwa Kiingereza, kwa ile sauti wauguzi wanayotumia kueleza upasuaji, kwamba hatakanyaga nyumbani kwa baba mkubwa, wala hatapika, wala hatasalimia, mpaka mama yake afunikwe. Mume, nampa haki yake, alikubali kabla hajamaliza. Wazee wa ukoo wakakaa. Wageni wa Ulaya wakapiga simu. Mwisho likaja neno: baba mkubwa ataenda Buffalo na kitenge. Rafiki yangu alikuwa na sharti moja tu. Ipigwe video, ipelekwe kambini.

Baba mkubwa alinipitia Columbus siku ya Jumamosi asubuhi, mwezi wa kwanza, kwa sababu ndiyo njia na kwa sababu hakuwa na mpiga video mwingine aliyekubali. Nilikaa mbele na kamera mapajani. Kitenge kilikuwa kiti cha nyuma, kwenye mfuko wa plastiki. Bwana harusi na mkewe walikuwa wanatufuata kwa gari lao. Hadi Cleveland aliongea juu ya matairi. Baada ya Cleveland theluji ya ziwani ikaanza, akaacha matairi, akaendesha ameinamia usukani. Karibu na Buffalo aliniuliza kama itachukua muda mrefu. Nikamwambia inategemea mwanga.

Sebule ya rafiki yangu ni ndogo. Alikuwa amesogeza kochi, amebakiza kiti kimoja katikati, kiti cha kawaida cha jikoni, amekaa juu yake na nguo ya zambarau. Ukutani hakuna pambo. Majirani wanne wa kanisa walisimama kando ya mlango wa jikoni. Waliombwa waje kuwa mashahidi. Dirisha kubwa, theluji nje, mwanga mweupe, laini, unaotoka pande zote. Kwa mpiga picha, huo ni mwanga wa kuota.

Baba mkubwa akakunjua kitenge. Akapiga goti. Akamfunika mabegani, akasema maneno yake: asante kwa mgongo wako. Aliyasema haraka, lakini aliyasema. Rafiki yangu alikuwa amefumba macho, na alipohisi kitambaa kimefika begani akayafumbua.

"Samahani, mzee," nikasema. "Mwanga. Tafadhali rudia."

Akanitazama. Akainuka akitafuta mkono wa kiti kisicho na mkono, akayumba, akakunja kitenge upya. Akapiga goti. Akamfunika. Akashukuru.

Mara ya pili nilisema jirani alipita mbele ya kamera. Mara ya tatu sauti haikuingia vizuri, kama angeweza kupaza sauti kidogo, ili mama mzee asikie. Mara ya nne nilibadilisha upande. Bwana harusi alikuwa ameuma mdomo akitazama dirishani. Mmoja wa mashahidi aliingia jikoni na nikasikia bomba la maji likifunguliwa kwa nguvu ili kuficha jambo. Mara ya tano goti lake lililia kama mlango. Rafiki yangu alikaa palepale, mgongo umenyooka, akifunikwa na kufunuliwa, na kila mara akisema kwa upole, "Asante, papa." Mara ya sita alisema, "Pole, papa." Mara ya saba yule mzee hakusema maneno yake kwa kupanga tena. Aliyasema kwa sauti ndogo, akimtazama, na akasahau kuinuka.

Hapo nikasema inatosha.

Tulikula. Rafiki yangu ndiye aliyeketi. Binti yake na mume wa binti yake walileta sahani. Baba mkubwa alipewa ya kwanza, kwa adabu, kwa sababu alikuwa mgeni na kwa sababu sisi si watu wabaya. Aliuliza mara moja tu, akifunga koti, ni ipi iliyotoka vizuri. Nikamwambia nitazitazama zote kwa makini nikifika nyumbani.

Nilizitazama. Mimi nilitaka kutuma ya tano, kwa ajili ya lile goti. Rafiki yangu akakataa. Alitaka ya kwanza, ile ambayo bado hakuwa na uhakika kama kitambaa kitafika begani, na uso wake unaonyesha kimefika. Alisema mama yake hana haja ya kumwona mzee yule akitaabika. Anataka kuuona uso wa mtoto wake. Tukaituma hiyo, dakika mbili na nusu. Kambini waliipokea kabla ya Pasaka. Mama mzee alisema binti amenenepa, akauliza kitenge ni cha wapi, akalala mchana wote.

Zile nyingine sita ninazo. Na mwanga, kwa taarifa yake popote alipo, ulikuwa mzuri tangu mwanzo.